Je, Programu Yaweza Kuwa Wakala?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, neno wakala si geni kwetu. Hapa Iringa tunao mawakala wa M-Pesa. Ukitaka kutoa fedha, namba ya siri unaiingiza wewe mwenyewe, wala si wakala. Leo amezuka wakala mwingine: programu ya akili mnemba inayotumwa kazi, ikaingia katika kumbukumbu za kompyuta, ikasoma, ikaandika na hata kufuta. Msikiti unaotaka kuikabidhi daftari la michango au orodha ya wanaostahiki zaka hauna budi kuijua kwanza hukumu yake.

Julai 2025, mfanyabiashara wa Marekani Jason Lemkin alikuwa akitumia wakala wa kampuni ya Replit. Aliiamuru programu isibadilishe kitu bila idhini yake. Ikafuta kumbukumbu za wakuu wa makampuni zaidi ya 1,200. Kumbukumbu zilirejeshwa baadaye, na kampuni ikakiri kosa, ikatangaza kuzitenga kumbukumbu za majaribio na zile za kazi halisi. Tuzingatie: amri ilikuwepo, kufuli halikuwepo.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, wakala sharti awe mtu ambaye tendo hilo lingesihi lau angejifanyia mwenyewe. Kwa hiyo mwendawazimu hawi wakala. Programu haina taklifu wala dhima: haiapi, haidaiwi, hailipi. Basi kisheria ni chombo tu, na iliyoyatenda humrudia aliyeiachia.

Hata wakala mwanadamu ana mipaka. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari, akaombewa baraka. Wanachuoni wamekhitilafiana juu ya anayeuza mali ya mtu bila idhini. Kwa Mahanafi na Wamaliki, mauzo husubiri ridhaa ya mwenye mali. Kwa kauli yenye nguvu ya Mashafii, ni batili. Na mali ikiwa ya ushirika, mshirika mmoja hana idhini juu ya fungu la mwenzake. Basi katibu peke yake hawezi kuipa programu mamlaka juu ya daftari la waumini wote.

Suratul Anbiyaa, aya ya 78, yataja kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Na imepokewa kutoka kwa al-Baraa bin Azib (r.a.) kwamba kulinda mashamba mchana ni juu ya wenye mashamba, na walichoharibu wanyama usiku ni dhamana ya wenye wanyama. Kwa kiasi hicho, anayeiachia programu bila mchungaji ndiye mdhamini.

Kwa hiyo programu ipewe ruhusa ya kusoma tu. Ikilazimu kuandika, iandike katika nakala. Kubadilisha au kufuta daftari lenyewe kusiwezekane mpaka mtu mwaminifu aliyewekwa na jamaa aidhinishe kila mara, mfano wa namba ya siri. Na nakala ya akiba iwekwe isikoweza kufika.

Amana ya wengi hailindwi kwa kauli pekee. Wallahu a'lam.