Kuvumwani ya Mahali Palipoungua

Mwenye shamba, ukipanda milima iliyo juu ya Bukavu baada ya mvua za Septemba kuanza, tazama mahali palipochomwa makala. Baada ya muda utaona pamefunikwa na majani mafupi sana, kama manyoya ya kijani. Usidhani ni uchafu wa udongo. Ni mmea, aina ya kuvumwani. Wataalamu huuita Funaria hygrometrica.

Mmea huu hauna mizizi ya kweli, wala ua, wala mbegu. Hunywa maji kwa majani yake. Chembe za kiume huogelea katika maji ya mvua au umande mpaka zifike kwa za kike. Pasipo maji hakuna uzazi. Kisha huota kijiti chenye kifuko mfano wa parachichi dogo lililoinama. Chuma kijiti kikavu, ukilowanishe: kitajizungusha mkononi mwako. Watoto hukipenda sana. Kifuko kikikauka hutoa vumbi, nalo huchukuliwa na upepo hata kwenye jivu jingine.

Kazi yake ni kushika udongo ulio wazi mpaka nyasi ziote. Basi usiukwangue kwenye mteremko.

Lakini wewe ukaaye karibu na machimbo, angalia. Mwaka 2018 wataalamu wa Japani walionyesha kuwa nyuzi zake changa hunasa madini ya risasi yaliyomo majini. Kwa hiyo ukiuona umestawi juu ya kifusi cha mgodi, usiseme, "Udongo umepona." Muhogo na mboga zipande mbali na hapo.