Mvunja miguu au ajali? Jinsi rafu moja inavyobadili jina la mchezaji

Beki anaweza kuichezea klabu moja mechi zaidi ya 400, akavaa kitambaa cha unahodha, lakini mashabiki wengi wakamkumbuka kwa sekunde moja tu. Ndicho kilichomkuta Ryan Shawcross wa Stoke City.

Mwingine anacheza rafu inayoishia na mwenzake kubebwa kwa machela, na wiki hiyohiyo watu wanamwonea huruma. Ndicho kilichomtokea Son Heung-min.

Tofauti inatoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu haimo kwenye rafu yenyewe.

Siku iliyombadilishia jina Shawcross

Februari 27, 2010, Stoke waliikaribisha Arsenal. Kipindi cha pili, matokeo yakiwa 1-1, Shawcross aliingia kwa nguvu kuwania mpira na kiungo Aaron Ramsey. Mguu wa kulia wa Ramsey ulivunjika mifupa yote miwili chini ya goti. Alikuwa na miaka 19 tu.

Shawcross, naye akiwa na miaka 22, alipewa kadi nyekundu na kutoka uwanjani akilia. Wikiendi hiyohiyo aliitwa kwa mara ya kwanza timu ya taifa ya England.

Kocha wa Arsenal, Arsene Wenger, alichukia. Kwake hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya miaka minne kupoteza kijana kwa rafu mbaya, baada ya Abou Diaby mwaka 2006 na Eduardo mwaka 2008. Kocha wa Stoke, Tony Pulis, alimtetea beki wake kwamba si mtu wa kukusudia kuumiza.

Kuanzia hapo mashabiki wa Arsenal walimzomea Shawcross kila timu hizo zilipokutana. Wa Stoke nao wakajibu kwa kumzomea Ramsey. Yaani mpaka aliyevunjwa mguu akageuzwa adui!

Ramsey alirudi uwanjani Novemba mwaka huo kwa mkopo Nottingham Forest, na baadaye akaifungia Arsenal mabao ya ushindi kwenye fainali za Kombe la FA 2014 na 2017. Shawcross alibaki Stoke hadi 2021. England aliichezea mechi moja tu, dhidi ya Sweden mwaka 2012.

Sheria inasemaje?

Sheria namba 12 ya soka inapanga rafu kwa ngazi tatu:

- Uzembe: mchezaji ameingia bila umakini. Ni faulo, hakuna kadi.
- Kutojali hatari: ameingia bila kufikiria kitakachompata mwenzake. Kadi ya njano.
- Nguvu kupita kiasi: amehatarisha usalama wa mwenzake. Kadi nyekundu.

Angalia kisichokuwepo hapo. Sheria haisemi mguu uvunjike ndiyo kadi nyekundu itoke, wala haisemi refa athibitishe kwamba mchezaji alikusudia. Hata ile hoja ya "lakini aligusa mpira kwanza" haimwokoi mtu aliyeruka na daluga juu. Refa anapaswa kuhukumu kitendo.

Mashabiki tunachanganya vitu vitatu: kitendo, nia na matokeo. Na mara nyingi tunaanza na matokeo.

Son: kadi ya njano iliyogeuka nyekundu

Novemba 3, 2019, Tottenham walikuwa Goodison Park kucheza na Everton. Son alimkwatua Andre Gomes kwa nyuma. Gomes akiwa anaanguka akagongana na Serge Aurier, na kifundo cha mguu wake kikavunjika vibaya.

Mwamuzi Martin Atkinson alitoa kwanza kadi ya njano. Hali ya Gomes ilipoonekana, ikageuka nyekundu. Son alishika kichwa akilia, na wachezaji wa Everton wenyewe walikwenda kumfariji. Siku mbili baadaye FA ikaifuta kadi hiyo baada ya Tottenham kukata rufaa.

Siku chache tu baada ya tukio, Son alifunga dhidi ya Red Star Belgrade. Hakushangilia, alitazama kamera akiomba radhi.

Sasa fikiria: Son alionyeshwa kadi nyekundu mara tatu ndani ya mwaka huo wa 2019, ukihesabu na hiyo iliyofutwa. Beki mwenye jina baya angeitwa mkorofi. Son aliendelea kuwa "yule jamaa wa tabasamu".

Keane na Haaland: kumbukumbu yenye kasoro

Kwa Roy Keane mambo ni kinyume. Aprili 21, 2001, nahodha huyo wa Manchester United alimchapa Alf-Inge Haaland wa Manchester City gotini na kutolewa nje. Mwaka uliofuata kitabu chake kilieleza kwamba ilikuwa kisasi cha mwaka 1997. FA ikamfungia mechi tano na kumpiga faini ya pauni 150,000.

Hapo nia ilikuwepo. Lakini wengi wanaamini rafu ile ndiyo iliyomstaafisha Haaland, ambaye ni baba wa Erling. Ukweli ni kwamba Keane alimpiga mguu wa kulia, na Haaland bado alicheza mechi baada ya hapo. Goti lililomsumbua hadi akaachana na soka mwaka 2003 lilikuwa la kushoto.

Jina linafika mpaka kwa refa

Kama ishu ingeishia kwenye kuzomewa, ingekuwa nafuu. Lakini mwaka 2002 jarida la Journal of Sports Sciences lilichapisha utafiti uliohusisha waamuzi 38. Wote walionyeshwa matukio yaleyale kwenye video, ila baadhi waliambiwa kwamba timu mojawapo ina sifa ya kucheza kibabe.

Idadi ya faulo haikutofautiana. Kadi ndizo zilizoongezeka: walioambiwa habari za ubabe waliiadhibu timu hiyo kwa kadi nyingi zaidi.

Maana yake, jina baya likishakaa linaweza kuzaa kadi, na kadi hizo zinalipa jina hilo uthibitisho mpya. Ni mduara ambao mchezaji hawezi kuutoka peke yake.

Kwenye marudio, tazama haya

Ubishi ukianza, iwe nyumbani au kibanda umiza, tazama mambo manne kabla ya kumpa mtu jina:

1. Aliingia kwa kasi gani, na je, angeweza kujizuia?
2. Daluga lilikuwa chini au juu ya kifundo?
3. Alitumia mguu mmoja au aliruka na yote miwili?
4. Mpira ulikuwa ndani ya uwezo wake, au alishachelewa?

Kisha jiulize swali la tano: kama aliyelala chini angeinuka na kuendelea kucheza, ungesema vilevile?