'Luku' ya mwana, Kikamba cha mama

Mama mmoja wa hapa Machakos aliniuliza juzi: "Mwalimu, kijana wangu ananiambia, 'Mathe, na haka kakofia luku imebamba.' Imembamba nani?"

Hakuna aliyekamatwa. Luku ni mtindo wa mavazi, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza 'look' na kupachikwa irabu mwishoni. Kubamba katika Sheng ni kupendeza. Sarufi nayo iko salama: luku imebamba, luku zimebamba, kama nguo imependeza, nguo zimependeza. Ngeli ya I-ZI kamili.

Kilichonivutia zaidi ni kakofia. Kiswahili sanifu huonyesha udogo kwa ki- na vi-: kikofia, vikofia. Wanasheng husema kakofia, tukofia. Sasa, Mkamba akitaja kitoto husema kana, wakiwa wengi twana. Kikuyu pia kina ka- na tu- hizo. Kumbe mama alikuwa anatatizwa na kiambishi anachokitumia mwenyewe kila siku jikoni!

"Kwa hivyo nimwache tu?" Hapana. Katika insha ya KCSE, Sheng itamkosesha alama za lugha. Lakini akikatazwa kuisema hata nyumbani atanyamaza, na mzazi asiyesemeshwa atajuaje mwanawe anatembea na nani? Nilimshauri amwambie kijana aifasiri sentensi ile kwa Kiswahili sanifu, kisha kwa Kikamba. Nashuku atakwama kwenye Kikamba.