Safari ya Julai na Mpango wa Miaka Kumi

Oktoba 1953, katika jarida la Harper's, mwandishi Bernard DeVoto aliwapa Wamarekani pendekezo la ajabu: hifadhi za taifa zifungwe. Si kwamba alizichukia, kwani alikuwa miongoni mwa watetezi wake wakubwa. Alichoshwa na vyoo vibovu, kambi zilizofurika, barabara zilizochakaa na askari wa hifadhi wanaolala na familia zao kwenye vibanda visivyomfaa binadamu. Kama Bunge halitoi pesa za kuzitunza, alihoji, kwa nini tuendelee kujidanganya? Yellowstone, Yosemite na nyingine kubwa zipigwe kufuli, jeshi liwekwe kuzilinda, mpaka pesa zipatikane.

Msongamano huo uliletwa na familia na gari lake. Vita vilipokwisha mwaka 1945 petroli haikupimwa tena kwa kadi, likizo yenye malipo ikawa jambo la kawaida kazini, na shule zilipofungwa Juni baba alifunga masanduku juu ya gari, mama akapanga chakula, watoto wakabanana kiti cha nyuma, safari ikaelekea magharibi. Mwaka 1940 hifadhi zilipata wageni wapatao milioni 17. Kufikia 1955 walishapita milioni 50. Barabara na majengo yaliyowapokea yalikuwa kwa sehemu kubwa yale yale ya kabla ya vita.

Mkurugenzi wa hifadhi wakati huo, Conrad Wirth, alijua jinsi Washington inavyofanya kazi. Aliona kwamba ukienda kuomba pesa mwaka hadi mwaka, unapewa za mwaka hadi mwaka, tena pungufu. Badala yake akaandaa kifurushi kimoja cha miaka kumi, kitakachokamilika 1966, hifadhi zitakapotimiza nusu karne ya kuwa na mamlaka yake. Akakiita Mission 66. Januari 1956 kiliwekwa mbele ya Rais Eisenhower na baraza lake la mawaziri, kikapita. Makadirio ya kwanza hayakufika dola milioni 800. Hesabu za mwisho zilivuka bilioni moja.

Kwa vipimo vya wahandisi ulikuwa mradi uliotekelezwa hasa. Zilijengwa barabara, madaraja, kambi, vyoo, nyumba za watumishi, na zaidi ya vituo mia moja vya wageni. Hicho kituo cha wageni ndicho alama ya mradi mpaka leo. Kabla yake, mgeni alitafuta ofisi kwingine, makumbusho kwingine, choo kwingine. Wabunifu wa Mission 66 waliviweka vyote chini ya paa moja, mbele kukiwa na maegesho makubwa: teremka, jisaidie, chukua ramani, tazama picha ya mlima, kisha mlima wenyewe kupitia kioo kipana, rudi garini. Walimpangia mtu mwenye saa chache na watoto wanaolia njaa, na kwa hilo siwalaumu. Yeyote aliyewahi kuvuka jimbo la Wyoming na watoto watatu nyuma ya gari anajua thamani ya choo kilichopo pale ramani inaposema kipo.

Shida ilikuwa kwenye ardhi yenyewe. Pale hifadhi ya Dinosaur, upande wa Utah, kuna ukuta wa mwamba ulioinama wenye mifupa ya dinosaria ipatayo 1,500, iliyoachwa mahali pake ionekane ilivyo. Wasanifu wakaufunika kwa jumba la kioo na chuma, kazi nzuri iliyosifiwa sana lilipofunguliwa mwaka 1958. Lakini chini yake palikuwa na udongo wa aina ya bentonaiti, ule unaofura ukilowa na kunywea ukikauka. Jumba likaanza kupanda na kushuka pamoja na udongo. Kuta zikapasuka, sakafu zikainama, viraka vikafuatana kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2006 likafungwa kwa kuhofiwa kuanguka. Miaka mitano wageni walifika kwenye hifadhi ya dinosaria wasiuone ule ukuta wa mifupa. Jengo la sasa lilifunguliwa 2011, likiwa limesimamishwa juu ya nguzo zilizozamishwa hadi kwenye mwamba. Mifupa ile imekaa tuli miaka milioni 150, nyumba ikashindwa kumaliza hamsini.

Kule mlima Rainier, mahali paitwapo Paradise, kosa lilikuwa juu, kwenye paa. Theluji inayoanguka pale kwa mwaka mmoja hufikia jumla ya zaidi ya mita 15. Mwaka 1966 likamalizwa jengo la mviringo lenye paa ambalo lilihitaji kupashwa moto ili theluji isilielemee, na kila siku ya baridi kali likanywa mamia ya galoni za dizeli. Mwaka 2008 likabadilishwa na jengo lenye paa la mteremko mkali, la namna ambayo maseremala wa milimani wamekuwa wakijenga tangu zamani bila kuhitaji tume.

Yellowstone ilikuwa na kisa chenye utata zaidi, kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa jema. Hoteli ya zamani ya Canyon, jengo kubwa la mbao la mwaka 1911, ilikaa karibu mno na korongo. Mpango ulitaka makazi ya wageni yasogezwe nyuma ili ukingo wa korongo upumue. Ikajengwa Canyon Village, vibanda vya kisasa pamoja na maduka na mgahawa, ikafunguliwa kiangazi cha 1957 kama mfano wa kuonyesha taifa zima. Wageni wakaitazama, wakaenda kulala kwenye hoteli ya zamani. Kampuni binafsi iliyopewa kazi ya kuendesha malazi ilikuwa imekopa kujenga vibanda hivyo, na sasa ililemewa na deni bila wateja wa kutosha. Suluhisho lililopatikana lilikuwa kuifunga hoteli iliyopendwa. Ikauzwa kwa wavunjaji, na mwaka 1960, kabla hawajamaliza kuivunja, ikaungua. Mradi ulimshinda mshindani wake kwa kumwondoa uwanjani, na taarifa za utekelezaji hazina safu ya kuandika ushindi wa namna hiyo.

Wapo waliopinga tangu mwanzo. Yosemite ilipoamua kunyoosha barabara ya Tioga na kulipua kwa baruti miamba iliyosuguliwa na barafu kando ya ziwa Tenaya, mpiga picha Ansel Adams alipeleka simu za maandishi Washington akitaka kazi isimame. Ilisimama kidogo, ikaendelea, na barabara ikafunguliwa 1961. Leo ni mojawapo ya njia zinazopendwa sana na familia za likizo, na huenda wengi wanaosimamisha gari hapo kupiga picha hawajui kwamba wamekanyaga mahali palipogombewa. Nakiri sijui nimlaumu nani: bila barabara ile, mwenye mguu mbovu hangeliona ziwa lile, na barabara ilipopita, ziwa halikubaki lile lile.

Hata hivyo pigo kubwa kwa Mission 66 lilitoka kwenye hesabu. Wapangaji walikadiria kwamba mwaka 1966 wageni watakuwa milioni 80, na maegesho, mabomba na vitanda vikapimwa kwa kadirio hilo. Waliokuja walizidi milioni 120. Sababu mojawapo ilikuwa imeketi serikalini humo humo: Juni 1956, miezi michache tu baada ya mpango wa Wirth kupita, Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu za taifa, kilomita zipatazo 66,000. Mpango mmoja ulipanua sebule, mwingine ukaleta wageni mlangoni. Na sebule yenyewe iliita wageni, maana barabara laini na choo safi ni tangazo kubwa kuliko bango lolote.

Tena ile familia ya kwenye vipeperushi haikuwa kila familia. Shenandoah, Virginia, ilikuwa na kambi yake ya Weusi pale Lewis Mountain tangu 1939, na ubaguzi huo haukumalizika kabisa hifadhini humo hadi 1950. Hata geti lilipofunguliwa kwa wote, njia ya kufika getini haikuwa wazi. Baba Mweusi aliyetoka Chicago na wanawe alihitaji kitabu cha Victor Green, kilichotolewa kuanzia 1936, kimwambie ni mji gani atauziwa petroli na nyumba ipi atalala bila kufukuzwa. Hakuna kituo cha wageni cha Mission 66 kilichotatua hilo. Lilisubiri Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo haikuwemo kwenye bajeti ya hifadhi.

Jambo ambalo mpango haukulitengea fungu la uhakika ni matunzo. Kujenga kuna utepe wa kukata na mbunge wa kuukata. Kuzibua bomba hakuna. Mabomba, paa na lami za mwaka 1960 zilizeeka pamoja, kwa sababu zilizaliwa pamoja. Agosti 2020 Marekani ilipitisha sheria ya kutoa hadi dola bilioni 1.9 kwa mwaka, kwa miaka mitano, kwa ajili ya ukarabati wa hifadhi na ardhi nyingine za umma, na bado kiporo cha matengenezo ya hifadhi za taifa kimezidi dola bilioni 20. Kwa jicho la DeVoto, Bunge limerudi pale pale alipoliacha 1953.

Julai ya sasa inaonyesha matokeo. Yellowstone ilipata wageni zaidi ya milioni moja katika mwezi mmoja kwa mara ya kwanza Julai 2021. Barabara yake kuu ni mzunguko wa umbo la nane wenye urefu wa kilomita 228 hivi, na kundi la baisoni likiamua kuvuka, ratiba yako imekwisha. Jamaa zetu wanaoishi Minneapolis na Columbus, ambao sasa nao hupakia mabuyu, chupa za chai na watoto na kwenda kuona milima, huipata elimu hiyo kwa siku moja. Katika hifadhi ya Glacier, maegesho ya Logan Pass hujaa alfajiri, na shangazi mmoja niliyemsikia akizungushwa mara kwa mara hapo alimuuliza mpwa wake aliyeshika usukani, "Mwanangu, tulikuja kuangalia mlima au kuangalia taa za breki?" Kijana akajibu, "Shangazi, vumilia, yule pale anatoka." Hakutoka.

Dawa iliyofanya kazi, kwa maoni yangu, haikuwa ya zege. Mwaka 2000 hifadhi ya Zion iliondoa magari binafsi kwenye barabara ya korongo wakati wa msimu na kuweka mabasi ya bure. Palikuwa na foleni ya magari. Pakawa na foleni ya watu, ambayo haitoi moshi na haikanyagi majani ya kando ya njia. Hifadhi nyingine zimejaribu tiketi za saa maalumu, kama Arches ilivyoanza 2022, na malalamiko yakawa mengi, hasa ya wafanyakazi wasiojua likizo yao itaidhinishwa lini.

Yellowstone nayo ililazimika kutafuta dawa yake kwa dharura: tarehe 13 Juni 2022 mto uliofurika uliibomoa barabara ya lango lake la kaskazini. Wageni zaidi ya 10,000 wakaondolewa, na mageti yote matano yakafungwa. Miji ya Gardiner na Cooke City, inayoishi kwa watalii wa kiangazi, ikabaki na vitanda vitupu. Wakuu wa hifadhi walifikiria utaratibu wa kuweka nafasi mapema. Watu wa miji ya jirani wakaja na wazo rahisi zaidi: namba za magari. Gari ambalo namba yake inaishia na witiri liingie siku ya witiri, la shufwa siku ya shufwa. Namba zenye herufi tupu zikahesabiwa witiri. Juni 22, siku tisa baada ya mafuriko, sehemu ya kusini ilifunguliwa kwa utaratibu huo, na kabla Julai haijashika kasi ukaondolewa kwa kuwa haukuhitajika tena.

Barabara iliyobomoka haikujengwa pale pale. Mafundi waliichukua njia ya vumbi ya magari ya farasi ya miaka ya 1880, iliyo juu mlimani mbali na mto, wakaipanua, wakaitia lami na kuifungua Oktoba 30 mwaka huo huo. Ndiyo wageni wanayopitia sasa wakati barabara ya kudumu ikiendelea kupangwa. Ukikusudia kuingia kwa lango hilo Julai, ondoka mapema, na kama umekodi gari la kulala usiende moja kwa moja Glacier: barabara ya mlimani ya kule hairuhusu gari lenye urefu unaozidi mita 6.4, na askari wa hifadhi atakugeuza hata kama ratiba yako imeandikwa kwa wino.