Kisenyi: Mtaa Unaomjua Mgeni Wake

Wengi wenu mnaolisoma jarida hili kule Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe mmekwisha kupita Kisenyi, hata kama jina lake hamkulishika. Ni mtaa ulio bondeni, chini ya kilima cha Mengo, jirani na soko la Owino na vituo vya mabasi, ambako mashine za kusaga mahindi hunguruma mchana kutwa na wachukuzi hutoka wameparwa unga hadi kwenye nyusi. Katika mikutano yetu na wananchi wa mipakani, mara nyingi tumeulizwa ni mji wa namna gani ulio mwema kuishi. Aghalabu aulizaye ni mzazi mwenye kijana anayetaka kwenda Kampala, na swali lake hasa ni hili: mwanangu atakuwa salama huko? Tumependa kulijibu kwa kuitazama Kisenyi, wala si vilima vyenye kuta ndefu na walinzi langoni.

Hatutaupamba mtaa huu. Mvua kubwa inaponyesha, mfereji wa Nakivubo hufurika na maji machafu huingia nyumbani mwa watu. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na wakwapuzi wa simu wapo. Anayepima wema wa mji kwa lami na taa peke yake ataifuta Kisenyi katika orodha yake mapema sana.

Hata hivyo watu hawaishi kuhamia. Kazi ipo mwendo wa miguu tu: kwenye mashine za unga, kwa wahunzi wa vyuma, kwa wauza vipuri. Kipo kituo cha afya cha serikali ambacho akina mama huenda kujifungua. Tena kuna jambo ambalo sisi askari tunalithamini kuliko yote hayo, nalo ni kwamba mtaa huu una macho. Mama auzaye chai alfajiri anawajua wapitao. Mwenye duka anajua nani kapanga chumba cha nyuma. Mwandishi wa Marekani, Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu maisha ya miji mikubwa, alieleza kuwa amani ya barabara hulindwa kwanza na wakazi na wachuuzi wanaoitazama, ndipo polisi wafuate. Hatuoni haya kukubaliana naye.

Lakini macho hayana faida ikiwa kinywa kimefungwa, na hapa Kisenyi imewahi kujaribiwa vikali. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, Wasomali wengi waliokimbia vita walifika Kampala, na Kisenyi ikawa makao yao makuu, pamoja na misikiti, mikahawa na maduka yao. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala walilipuliwa kwa mabomu. Waliokufa walizidi 70, na kundi la Al-Shabaab likajitangaza kuwa ndilo lililofanya. Toka hapo mtu aliweza kushukiwa kwa lugha yake tu, hata kama naye alilikimbia kundi lile lile. Mtu wa namna hiyo, akiona mgeni wa kutilia shaka amehamia jirani, ataanzaje kuja kituoni? Atanyamaza, na yule ambaye angetangulia kutambua hatari atakuwa ametupotea. Kwa maoni yetu, hasara hiyo ni kubwa kuliko taa mia zilizozimika.

Sheria imejaribu kuliziba pengo hilo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Katiba inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, na dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi moja. Anayeombwa fedha aikatae na kushitaki. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya uzururaji vilivyowezesha mtu kukamatwa kwa kuonekana tu akirandaranda bila njia ya wazi ya kujikimu. Vijana waliotoka mashambani kutafuta kibarua ndio walioumizwa zaidi na vifungu hivyo.

Basi kijana wako akiondoka, achukue barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chenu, na akifika aipeleke kwa mwenyekiti wa mahali alipopanga. Barua hiyo si ruhusa ya kuishi mjini, maana raia wa Uganda haombi ruhusa hiyo. Ni njia ya kujulikana jina kabla hajapatwa na shida. Awasalimu majirani, hata wale asioelewana nao lugha. Akipatwa na jambo usiku, apige simu 999 au 112, bila malipo, na aongee Kiswahili pasipo kusita: ndicho tulichofundishiwa gwaride.