Onja kasiksi, kisha uliza habari ya mgomba

Barabara ya Goma–Butembo ikishamaliza uwanda wa Rwindi, inaanza kupanda miteremko ya Kabasha, kona juu ya kona, mpaka Kanyabayonga. Chini kulikuwa joto la mbuga. Huku juu ni sweta na koti. Na ndipo kinywaji cheupe cha milima yetu kinaonja vizuri: kasiksi.

Ulaya wana divai nyeupe ya milimani, ile inayochoma ulimi kidogo, ya bei ya chini, inayotoka kwa zabibu ambayo watu wa mbali hata hawajui jina lake. Watanzania wana Makutupora yao, zabibu ya Dodoma, kule wanavuna mara mbili kwa mwaka. Sisi tuna ndizi ya pombe. Mchimbaji anayeshuka kutoka shimoni na pesa kidogo mfukoni anaagiza kopo moja, anakunywa, anaagiza la pili. Hakuna anayeuliza ni ndizi gani. Lakini kwa zabibu kama kwa ndizi, utamu wote unaanzia hapo.

Ndizi za pombe za milimani haziko sawa na zile za kupika. Nyama yake ina uchungu na inakausha mdomo, kama kutafuna ganda la mti; ukiitia katika chungu, watoto watakataa kula. Ule uchungu ndio unakipa kinywaji mfupa. Waganda wanaita jamii hiyo mbidde. Pembeni yake kuna ndizi nyingine zilizoingia kwa kasiksi: Kayinja, kama wanavyoiita Uganda, na Yangambi Km5, iliyochukua jina la kituo cha utafiti cha Yangambi, kule kwenye mto Kongo. Hii Yangambi ni ndogo, tamu, ganda jembamba, na inavumilia sana ule ugonjwa wa majani wenye madoa meusi. Kasiksi yake inakuwa laini, sukari mbele. Mimi binafsi naona inakosa ule ukali wa ndizi ya zamani, lakini wenye kupenda tamu watanigombanisha.

Namna ya kuitengeneza wengi wenu mnaijua toka utotoni. Ndizi zinaivishwa kwa joto siku chache, mara nyingi katika shimo lenye moto pembeni, zikifunikwa na majani ya migomba. Halafu zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Hayo maji matamu, ambayo hayajachacha, ndiyo wengi wanaita mutobe, na hayo hata mtoto anakunywa. Wanaongeza maji, wanachuja, wanatia mtama uliokaangwa na kusagwa, wanafunika, wanangoja. Huku kwenye baridi kuchacha kunaenda polepole kuliko kule bondeni, ndiyo maana wenye ujuzi wanaweka chombo karibu na moto. Lakini baridi hiyo hiyo inasaidia nyuma yake: kasiksi ya mlimani haiharakishi kuwa siki.

Sasa tuonje. Mimina katika kopo jeupe, usinywe katika bidoni. Rangi iwe ya majivu meupe au ya chai yenye maziwa mengi, na vipande vya mtama vinaelea juu. Nusa: ndizi mbivu kwanza, halafu moshi wa shimo, halafu mtama wa kukaanga. Harufu ya siki ikitangulia, rudisha. Mdomoni siku ya kwanza inakuwa tamu, na viputo vinachezacheza. Siku ya pili ndiyo yenyewe: sukari imepungua, ukali umeingia, inasafisha koo kama ndimu, na nyuma ya ulimi unabaki ule ukavu wa ndizi chungu. Ya siku ya tatu, wazee wengine wanaipenda hivyo, mimi naiachia wao. Ikunywe na samaki wa Vitshumbi aliyekaushwa, au na viazi vya Lubero vyenye chumvi tu.

Jambo moja la kuuliza bila haya: maji yametoka wapi? Kasiksi haichemshwi. Maji ya mto mchafu yakiingia, yanaingia hivyo hivyo mpaka tumboni, na huku kwetu kipindupindu si hadithi. Mama muuzaji anayechemsha maji yake kwanza, mlipe bila kubishana. Na shimoni hakuna kopo, hata moja. Hilo kila kiongozi wa timu analijua.

(Kuna mahali pamoja ambapo kasiksi haiingii: altareni. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 924, inataka divai ya misa itoke kwa tunda la mzabibu. Kwa hiyo parokia inatafuta chupa iliyotoka mbali, barabara iwe wazi isiwe wazi, wakati nje ya mlango migomba imesimama.)

Imesimama, lakini si yote. Mwaka 2001 ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, unaoletwa na bakteria anayeitwa Xanthomonas, ulionekana Mukono, Uganda, na mwaka huo huo Masisi, huku kwetu Kivu Kaskazini. Toka hapo umetembea. Majani yanakuwa ya njano na kulegea kama yamemwagiwa maji moto. Mkungu unaiva kabla ya wakati, ndizi moja mbivu, jirani yake mbichi. Ukipasua ndizi, ndani ni kahawia. Ukikata shina, linatoa usaha wa njano. Dawa haiko. Kayinja inashikwa upesi sana, na hizo nyingine haziko salama.

Bondeni wadudu ndio wanaubeba, wakitua kwenye ua la chini ya mkungu. Huku juu baridi inawapunguza wadudu, na mtu angefikiri tumepona. Kumbe mlimani mwenye kosa kubwa ni panga. Panga linakata mgomba mgonjwa asubuhi, linakata mzima mchana, linaazimwa kwa jirani jioni. Na biashara ya kasiksi inalitembeza: mnunuzi wa mikungu anapita mashamba matano kwa siku moja, anakata mwenyewe, anafunika mzigo wake na majani ya shamba lolote, na yale majani anayatupa mlangoni pa mwingine.

Tena kuna vita. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na watu wengi walikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Shamba lisilo na mwenyewe halina wa kukata mgomba mgonjwa. Na anayerudi, au anayeanza upya kwa wenyeji, anatafuta chipukizi popote. Chipukizi linaweza kuonekana zima huku ugonjwa uko ndani. Lichukue kwa shamba ambalo umelizunguka lote na hukuona jani la njano.

Zamani washauri wa kilimo walikuwa wanasema ng'oa shina lote na watoto wake wote. Kazi ya kuvunja mgongo, na mama ambaye mume wake yuko machimboni miezi mitatu ataiweza wapi? Njia nyepesi zaidi ilijaribiwa Kivu Kusini: kata ule mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo, acha wengine, na rudi kuangalia kila wiki. Sababu ni kwamba bakteria hafikii kila chipukizi la shina moja. Ua la chini nalo, mara tu mkono wa mwisho wa ndizi ukishatoka, livunje kwa mti wenye panda, usilikate kwa chuma.

Panga lenyewe lishike juu ya moto mpaka lishindwe kuguswa, au lioshe na javeli, kipimo 1 kwa vipimo 5 vya maji, kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine.

Wa kwanza kuona shida mara nyingi si mkulima, ni mkamuaji. Ndizi za mgonjwa zinakuwa ngumu, zina madoa ndani, maji hayatoki. Mwingine anaongeza maji ya mto ili kujaza bidoni. Kwa hiyo siku ukipewa kasiksi nyepesi, isiyo na moshi wala ukavu ule wa nyuma ya ulimi, muulize mama ndizi alizinunua shamba gani. Akikutajia, mtumie mwenye shamba habari siku hiyo hiyo, na panga la kukatia majani ya kufunikia chombo nalo lipite motoni kabla ya kesho.