Chupa tatu za maji ya bwawa zilizonirudisha darasani

Leo pamba na mahindi tuviweke pembeni kidogo, twende bwawani.

Mwaka jana kijana mmoja hapa Kasoli alinipigia simu jua halijachomoza. "Shikamoo bwana shamba. Samaki wangu wanakufa, wapo juu wanahema." Nilipofika, perege wengi walikuwa wanaelea wameshakufa, na waliobaki wamejazana juu ya maji wakiachama midomo. Maji yenyewe kijani, mazito kama mlenda. Kilichoniuma ni kwamba samadi ile niliagiza mimi. Nilimwambia aweke samadi mpaka maji yawe ya kijani, basi. Aache lini, sikumwambia. Jamaa akamwaga toroli baada ya toroli.

Tukavuta maji mapya kwa pampu kutoka lamboni, wachache wakapona. Nikarudi nyumbani nikiwa na deni.

Nilichukua chupa tatu za kioo zenye mdomo mpana, nikazijaza maji ya lambo na kuzipanga dirishani. Ya kwanza sikuweka kitu. Ya pili nikaweka kijiko kimoja cha chai cha samadi kavu, ya tatu vijiko vitano. Kila jioni naangalia kwa lenzi ya kukuzia, na mara moja kwa wiki napeleka matone kwenye hadubini ya shule ya sekondari. Mwalimu wa baiolojia alidhani nimechanganyikiwa. Wiki ya pili yeye ndiye akawa ananipigia simu kuuliza kuna nini kipya.

Siku za mwanzo chupa zenye samadi zilifanya ukungu mweupe. Hao ni bakteria wanaoozesha samadi. Baada ya wiki, kwenye hadubini wakaonekana viumbe wenye umbo la soli ya kandambili, wanakimbia huku na huku. Ni paramesiamu, na chakula chao ni hao bakteria. Kisha chupa ya pili ikageuka kijani, mwani umeshika. Wiki ya tatu nikaona kwa macho yangu vidoti vinarukaruka: viroboto maji. Sikuwapanda mimi. Mayai yao hustahimili ukame kwenye tope, ndiyo maana lambo linakauka kiangazi lakini mvua ikinyesha wamo. Hawa wanakula mwani, na kifaranga cha samaki anawala wao. Kwa hiyo samadi hailishi samaki moja kwa moja, inalisha huu mnyororo.

Chupa ya tatu ilikuwa hadithi nyingine. Rangi ya kahawia, harufu ya choo. Viroboto maji wachache waliokuwemo wakawa wekundu! Kumbe oksijeni ikipungua, hutengeneza himoglobini zaidi, ile ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Baada ya siku chache sikuwaona tena.

Na mchana, saa 9 alasiri, chupa ya kijani ilikuwa na vipovu vidogo kwenye kioo. Mwani ukipigwa na jua hutoa oksijeni. Usiku hautoi, nao unavuta kama samaki, kama bakteria, wote kwenye maji yale yale. Alfajiri ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Sasa nikaelewa kwa nini ile simu iliingia saa 11 na siyo saa 7 mchana.

Sasa tufanyeje? Vitabu vingi vinasema zamisha mkono, kiganja kikipotea maji yakifika kwenye kiwiko, kijani kinatosha. Mimi kwa Kanda ya Ziwa sipendi hilo, kichocho kipo. Chukua fimbo, gongelea kifuniko cheupe mwishoni, weka alama sentimita 30. Zamisha mchana. Kifuniko kikipotea karibu na alama, uko vizuri. Kikipotea sentimita 15, simamisha samadi na punguza chakula. Ukikiona vizuri hata chini ya alama, na maji si ya tope, ongeza kidogo. Tope la mbuga zetu linadanganya: maji yanaziba lakini mwani hamna.

Samadi usiimwage. Itie kwenye kiroba chenye matundu, kifunge kwenye kigingi pembeni ya bwawa. Mambo yakiharibika unakitoa, ila ya toroli huwezi kuizoa tena.

Na amka. Mara mbili tatu kwa wiki fika bwawani kabla ya saa 12 asubuhi. Samaki wakihema juu, siku hiyo hakuna kulisha, ingiza maji mapya.

Yule kijana amepandikiza upya, vifaranga 300 tu safari hii. Chupa ya pili nilimpa yeye, ipo dirishani kwake. Juzi kaniuliza vile vinavyorukaruka vimepungua, aongeze samadi? Nikamwambia apime kwanza na fimbo. Akasema kifuniko kinapotea sentimita 25. Tukakubaliana asubiri mpaka Jumatatu.